Mafuta ya Kondoo kwa Mama Maria

Juzi mjukuu wangu alijifungua, nami nikamyeyushia mafuta ya kondoo, dawa yetu ya kumrudishia mzazi nguvu. Akaziba pua. Nikamwambia anywe, aache madeko. Lakini ile harufu ilipopanda, mwenzangu, mimi sikuwa tena jikoni. Nilikuwa Sekei, kwenye kigango chetu, kanisa dogo la udongo lililoezekwa majani ya migomba, enzi za Mjerumani, nimeshika kibuyu kwa mikono miwili.

Kigango kilikuwa na sanamu moja tu, ya mti: Mama Maria amempakata Mtoto. Ilibebwa kichwani kutoka misheni ya Kibosho. Kazi yetu watoto ilikuwa kufagia, kunyunyiza maji vumbi litulie, na kubadilisha maua. Mwalimu wa dini, kijana wa Kichaga asiyecheka, alitukaririsha sala huku harufu ya ndizi za kuchoma ikitoka kwa jirani na kututoa udenda.

Bibi yangu alikuwa ameungoja ubatizo mvua baada ya mvua, mpaka akawa anasema sala usingizini. Padre, Mzungu wa misheni, alikuja kwa nadra, tena kwa miguu. Ndipo habari ikafika kwamba anakuja kubatiza wazee.

Asubuhi ya siku yenyewe bibi aliingia kigangoni kukagua kama tumefagia. Akasimama mbele ya Mama Maria, akamtazama sana. Rangi ilikuwa imebanduka na shavu limepasuka kwa upepo wa mlimani.

"Huyu kajifungua," akasema, "na hakuna aliyemhudumia. Tazama ngozi hiyo."

Akanituma kibuyu cha mafuta ya kondoo. Alichanganya mafuta na udongo mwekundu, kama wanawake wetu wa Kiarusha walivyompaka kila mzazi. Akampaka Mtoto kwanza, kisha mama yake, taratibu, hadi nyuma ya masikio.

Mwalimu alipoingia alishika kichwa.

"Bibi, umemfanya nini Mama wa Mungu?"

"Nimemhudumia. Wewe huna hata mke, mambo ya uzazi utayajulia wapi?"

"Padre akiona hivi hakubatizi. Na mimi sitakutetea."

Majirani walijaribu kusugua kwa majani makavu ya mgomba, wekundu ukazidi kuenea. Bibi alikwenda kukaa nje juu ya gogo. Mwanamke yule aliyewahi kumwinua ndama mgonjwa peke yake, sasa alijikunyata akijifuta udongo vidoleni.

Padre alifika jua limepanda, viatu vimejaa matope ya mto Themi. Tukamsalimu, Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia na kuingia ndani. Mwalimu akaanza kueleza, padre akamzuia kwa mkono. Akasogea, akagusa shavu la sanamu, akanusa kidole.

"Nani?"

Bibi akasimama mlangoni. "Ni mimi. Alikuwa mkavu, padre."

"Na Mtoto?"

"Huyo ndiye niliyeanza naye."

Padre akafungua mfuko wake, akatoa kichupa cha mafuta ya ubatizo.

"Umempaka Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. "Njoo. Sasa ni zamu yako."

Bibi alishusha pumzi ndefu, na kigango kizima kikashusha pamoja naye. Hata mwalimu. Nilimwona akijifuta jasho na kutazama pembeni, asije akaonekana anatabasamu.

Kigango kile hakipo. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipopita, sanamu nayo ilipotea, na wote ambao ningewauliza wamekwisha kufa. Sanamu ya kanisani kwetu sasa ni ya plasta, nyeupe, inapanguswa kwa kitambaa na hainuki kitu. Sina ugomvi nayo. Lakini nikipiga magoti pale, mkono wangu hutafuta kibuyu.

Mjukuu alikunywa mwishowe, akakunja uso. Mafuta kidogo yamebaki. Nimeyafunika, na Jumapili nitawahi kanisani kabla ya watu.