Jogoo Aliyechelewesha Ofisi Yetu Kuhama

Siku yangu ya kwanza kazini, Songwa, niliripoti nikiwa na mto wa kulalia kwapani. Mratibu wa kituo, mama mmoja mnene asiyecheka ovyo, aliutazama mto, akanitazama na mimi.

"Baba, umekuja kusaidia watu au umekuja kulala?"

"Shikamoo, Mama Mratibu. Nikilalia mto wa watu, shingo inakakamaa."

"Marahaba. Weka mto huo, kuna watu wanagombania mbuzi."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya usaidizi wa kisheria. Ninyi vijana mnaoianza leo mna fulana zenye maandishi mgongoni. Sisi tulikuwa na benchi. Msaidizi wa kisheria si wakili, hasimami mahakamani. Ni mtu wa kidato cha nne kama mimi, aliyefundishwa kueleza sheria kwa lugha ya nyumbani na kuwakalisha wagomvi wakapatana, jambo tuliloliita usuluhishi. Baada ya Songwa nilipelekwa Bugarama, kusuluhisha wachimbaji wadogo waliogombea maduara, yale mashimo yao ya dhahabu. Kote huko nililala vibaya. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka Tinde tu natamani uji wa mke wangu.

Kwa hiyo niliporudishwa Tinde nilifurahi kama mtoto. Sikujua ofisi yenyewe iko wapi.

Ilikuwa chumba kimoja, kilichotumia ukuta mmoja na mashine ya kusaga ya Mzee Maige. Mota ikinguruma, hata kikombe mezani kilitembea. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni usiri: anachosema mteja hakitoki chumbani. Kwetu siri ilitoka kabla ya mteja. Alilazimika kupiga kelele ili tumsikie, na umeme ukikatika ghafla, neno lililokuwa mdomoni liliangukia kwenye foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi.

Ndivyo ilivyomkuta Mama Kulwa. Umeme ulikatika akiwa katikati ya kilio chake: "...ANATAKA KULIUZA SHAMBA LA MTONI AKATIE HELA KWENYE DUARA BUGARAMA!"

Kisha nje mtu akauliza, "Lile lenye viazi?"

"Baba Kulwa huyo! Duara analijulia wapi, hata choo alichimbiwa!" mwingine akadakia.

Mama Kulwa alijifunika khanga usoni akaondoka. Mratibu, yule yule wa Songwa aliyekuwa amehamia Tinde, alipomfuata nyumbani, jibu lilikuwa moja: "Mkihama pale nitakuja. Pale sirudi." Na wakati huo mumewe alikuwa anazunguka kutafuta mnunuzi.

Nyumba tulikuwa tumeiona, imetulia, nyuma ya ghala la pamba. Tulichokosa ni fedha. Mratibu akaitisha mnada wa jogoo kama wa kanisani: unamnunua, unalipa, unatamka "namrudisha," ananadiwa tena. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa na mtaa mzima na jioni akalala kwake. Mimi nikawa mnadi, kwa kuwa miaka ya kushindana na mashine ilikuwa imenipa sauti ya ng'ombe.

Tatizo lilikuwa Mzee Maige. Hakutaka tuhame hata kidogo. Watu walipita mashine nyingine mbili wakaja kusaga kwake, kwa sababu kwake unga ulikuja na kesi.

Nikanadi. Mzee Maige akataja bei ya kwanza, kubwa, wengine wakanyamaza kwa heshima. Akalipa. Akamkumbatia jogoo, akapanda baiskeli.

"Mzee, hurudishi?" nikauliza.

"Nimenunua kihalali. Au sheria inasemaje, bwana sheria?"

Sheria ilikuwa upande wake. Mnada ukafa pale pale.

Asubuhi iliyofuata mashine haikunguruma. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao kama kawaida, ila hakuna aliyemimina. Mbele kabisa alikaa Mama Kulwa.

"Mwangaluka, kina mama. Hamsagi?" Mzee Maige aliwaamkia.

"Tunamsubiri jogoo," alijibu Mama Kulwa.

Jua lilipopanda, Mzee Maige akaingia ofisini kwetu, akafunga mlango, akakaa kwenye benchi la wateja. Akanong'ona, "Mama Mratibu, naomba ushauri. Hawa wanawake wanashtakiwa?"

"Kwa kosa gani, baba?"

"La kukaa."

"TUMEKAA NDIYO!" nje wakaitikia.

Akashusha sauti zaidi. "Na mke wangu kagoma kumpika huyo jogoo. Jana nimelala na njaa."

"HONGERA MAMA MAIGE!"

Mzee aliutazama ukuta. Tangu aujenge mwenyewe, nadhani hakuwahi kuutazama.

"Kumbe wanasikia yote?"

"Wanasikia, baba," alisema Mratibu. "Kila mteja wetu wanamsikia."

Alitoka bila kuaga. Akarudi na jogoo, mnada ukaendelea palepale kwenye pumba. Alimnunua akamrudisha, na kila Mama Kulwa alipomtupia jicho, akamnunua tena.

Tukahama. Mteja wa kwanza nyuma ya ghala alikuwa Mama Kulwa, na mumewe tulimwita kwenye usuluhishi. Mama Kulwa alieleza kwa utulivu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ndoto. Niliona midomo ikicheza. Sikusikia hata neno.

"Mama Kulwa, paza sauti kidogo."

Akapaza kidogo. Nikaomba tena. Mratibu akanigusa bega. "Baba, nenda nje ukamwangalie jogoo."

Nilikaa barazani na jogoo mpaka mlango ulipofunguka. Mama Kulwa alitoka akitabasamu. Baba Kulwa alimfuata nyuma, na wote wawili wakashika njia ya mtoni. Hukumu yangu ya mwisho kazini niliisoma kwa macho.

Sasa nimestaafu, nalalia mto wangu. Mke wangu akitaka kunisema kwa majirani, hanong'oni tena. Ananisema nikiwa nimekaa hapo hapo. Juzi Mama Kulwa aliniletea michembe, vile viazi vya kukausha, vya shamba la mtoni. Akasema maneno marefu, ameshika mkono wangu. Nikajibu "wabeja," asante. Alicheka sana, kwa hiyo nadhani nilipatia.