Majivu Yaliyolala Chini ya Kithimani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkemia Mkuu wa maabara ya maji alinikabidhi chupa sita za plastiki. "Musyoki, suuza mara tatu kwa maji yale yale unayochota. Kisha tia matone ya asidi. Bila asidi, madini hung'ang'ania ukuta wa chupa, nasi tutapima maji matupu."

Nilikuwa nimefika kidato cha pili tu, kwa hiyo alinieleza polepole. Chini yetu kuna majivu ya volkano yaliyoanguka kabla hajakuwapo mtu wa kuyatazama. Yana chembe za risasi na arseniki, madini yenye sumu. Yakiwa makavu, hulala. Maji yenye uchachu yakipita, chembe huamka na kusafiri nayo, mpaka udongo wa mfinyanzi uzishike. Kwa miaka mingi nilihisi safari hiyo chini ya viatu vyangu.

Kisha Kithimani, kwao mke wangu Ndunge, kikachimbwa kisima kilichopenya majivu hayo. Nilikuwa nikijaza chupa nilipomwona mama mkwe akija. Kwetu Wakamba kuna nthoni: mkwe humpisha mama mkwe, hakutani naye uso kwa uso. Nikafunga chupa nikaondoka mbio.

Majibu yakasema maji ni salama. Siku chache kabla ya kisima kufunguliwa, niliona kichupa changu cha asidi bado kina muhuri. Nikaenda kwa Mkemia Mkuu nikamweleza yote.

"Ulimkimbia mama mkwe?" Akacheka, kisha akachukua kalamu. "Nikiandika hili, utapata onyo kwenye faili."

"Andika, bwana."

Tulipima upya. Risasi ilizidi kiwango. Kisima kikafungwa, na akina mama wakaendelea kuchota mtoni.

"Baba Mwende," Ndunge aliniambia, "mwaitu, mama yangu, ana magoti mabovu, nawe umemfungia maji mlangoni?"

Nikamwonyesha karatasi ya vipimo.

"Hiyo karatasi itabeba mtungi?"

Mama yake aliposhindwa kutembea, Ndunge alienda kila Jumamosi kumtekea. Alifanya hivyo hadi mama alipofariki, na hakunilaumu tena.

Sasa nimestaafu, na Ndunge tulimzika mvua zilipoanza. Vijana wa maabara huniuliza kama nilifanya vyema. Kipimo kilikuwa sahihi, nami ningekirudia. Lakini nilipofunga kisima kile sikumuuliza mtu yeyote watu wangekunywa nini. Niliona kazi yangu imekwisha. Ndunge ndiye aliyeimalizia, Jumamosi baada ya Jumamosi, nami sikuwahi kumwambia asante.