Mashine Isiyoulizwa

Eugenia alipokwenda kuomba kazi kwenye karakana ya redio ya Ngosha pale mtaa wa Mirongo, hakuwa anatafuta mshahara. Alikuwa anamtafuta Ngosha. Kaka yake, Venant, alikufa maji akileta sangara wa kiwanda kutoka Ukerewe. Boti ilipasuka, redio ya upepo ikagoma kuita msaada, na redio hiyo Ngosha ndiye aliyeipima akaiandikia karatasi kwamba ni nzima. Nyumbani Kagera walisema ni kazi ya Mungu. Eugenia, fundi wa redio aliyesomea, akasema Mungu asisingiziwe.

Ilikuwa enzi ya biashara huria. Viwanda vya minofu ya samaki vinaota kama uyoga, kila mwenye boti anataka redio, na kila redio ni lazima ipimwe. Ngosha, mtu wa maneno matamu na tumbo lililomtangulia, alileta kipimo cha kisasa kutoka Nairobi, akakiunga na kompyuta kwa kebo nene. Unabonyeza kitufe kimoja, kompyuta inakiamuru kipimo: washa, pima nguvu ya redio, zima. Wateja wakakodoa macho, wakalipa.

Eugenia hakusema yeye ni nani. Alitabasamu, akachemsha chai, akawa anamwita Ngosha "bosi". Ngosha alipokwenda kula, akaifungua programu akaisoma, na hapo ndipo damu ilipomchemka. Mashine ile ya kupimia ina tabia yake: amri inaipokea, lakini kama redio imefaulu au imeshindwa, haikwambii mpaka uiulize. Kosa inakaa nalo kimya. Na lile swali Ngosha alikuwa amelifuta, maana kungoja jibu kulichelewesha foleni. Kompyuta yake iliamuru, haikuuliza, ikachapa NZIMA.

Kumbe Venant alikufa kwa sababu mtu ana haraka! Polisi wangempa Ngosha kiti na soda, hilo Eugenia alilijua. Akaamua kungoja. Alimwombea mabaya asubuhi na jioni, tena bila haya.

Siku ikafika. Ngosha alikuwa amenunua boti yake mwenyewe ya kupeleka barafu visiwani. Akaja na redio yake.

"Dada, nipimie hii upesi, tunaondoka sasa hivi."

Eugenia akatuma amri, kisha akaiuliza mashine mwenyewe, kwa mkono wake. Jibu likatokea kwenye kioo: redio hairushi chochote. Akaliangalia jibu lile kwa raha. Halafu akabonyeza kitufe cha Ngosha, karatasi ikatoka imeandikwa NZIMA, akamkabidhi kwa mikono miwili. Nenda, akasema moyoni. Nenda ukamsalimie kaka.

Akamfuata hadi mwaloni, boti zinakopakia, ashuhudie kwa macho yake. Pale Ngosha akampa redio Masalu, nahodha wake, akarudi nyuma akijipangusa viatu. Hakuwa anasafiri. Tajiri akisema tunaondoka, wanaoondoka ni wengine.

Masalu huyo aliwahi kufanya kazi na Venant, na jeneza la Venant alilibeba begani; Eugenia alimfahamu tangu msibani. Alipomwona Eugenia akafurahi.

"Kama umeipima wewe, dada, mimi sina wasiwasi."

 Ilibaki kidogo tu Eugenia amuue mtu asiye na kosa. Akamnyang'anya Masalu ile redio, akamsogelea Ngosha mbele ya wapakiaji wote.

"Bosi, karatasi yako inasema nzima. Panda wewe."

Ngosha akacheka. "Nina wageni ofisini."

"Panda," Masalu naye akasema. Wapakiaji wakaacha barafu, wakasogea.

Ngosha akaitazama redio, akayatazama maji. 

"Siwezi kupanda na hiyo," akasema mwishowe. "Haijapimwa sawasawa."

"Na ile ya Venant?" akauliza Masalu.

Ngosha akainamisha kichwa.

"Zote," akasema.

Masalu akamkamata kola, akaanza kumburuta kuelekea majini. Eugenia akaiweka redio chini, akakunja mikono ya blauzi yake, akaenda kumsaidia Masalu kuburuta.