Nilisema Nimepona

Kaa kidogo unisikilize, hasa wewe uliyewahi kutumiwa ile video. Ndani yake kuna msichana wa miaka kumi na sita, amevaa pulova nyekundu, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Anasema Mungu amemponya. Watu wanapiga makofi. Msichana yule ni mimi, Ngalula, na sikuwa nimepona. Ushuhuda wangu wa kweli ni huu, na hakuna aliyeurekodi.

Nimekulia Lubumbashi, mtaa wa Naviundu. Wazazi wangu ni watu wa Kasai, mama anauza vitambaa. Nilikuwa na miezi minane mikono na miguu yangu ilipovimba, na hospitali wakatupa jina: SS, ugonjwa wa damu ambao wengine huuita selimundu. Nikueleze taratibu, maana wengi hulitaja jina bila kujua kitu chenyewe. Chembe za damu za mtu asiye na ugonjwa huu ni za mviringo, zinapita popote. Zangu, nikikosa maji au nikipigwa na baridi, hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Zinapokwama, damu haipiti, na mfupa unaanza kulia. Nimetafuta neno lingine nikalikosa. Mfupa unalia.

Mtu anaweza kuishi na SS. Mama alinifundisha mapema: chupa ya maji mkononi, nguo nzito, kidonge kila asubuhi. Shuleni waliniita Macho ya Mayai kwa sababu ya umanjano wa macho ambao ugonjwa huu huleta, na sikuwa na rafiki. Ndiyo maana, likizo kubwa ilipofika, niliomba niende kambi ya vijana ya kanisa letu.

Kambi ilikuwa kwenye shamba nje ya mji, kando ya kijito. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu, asubuhi unaiona pumzi yako mwenyewe. Mama alimweleza kiongozi wa vijana kila kitu. Tulimwita Yaya Fiston, yaani kaka mkubwa. Akamjibu, "Mama, usiogope. Bagonjwa habafunge, habaingie mu maji. Tutamulinda."

Siku ya kwanza, kwenye foleni ya chai, msichana mwembamba alinikazia macho akacheka.

"Yo! Weye pia uko na macho ya manjano?"

"Ni mayai," nikasema. "Ku masomo njo vile banasemaka."

"Basi tuko babili. Tufungue kibanda cha kuku!"

Aliitwa Chilufya. Alitoka Sakania, kule reli inakovuka kwenda Zambia, na alikuwa na SS kama mimi. Sijui kama unaweza kuelewa. Miaka kumi na sita nilikuwa peke yangu ndani ya mwili huu, na sasa kulikuwa na mtu wa pili. Tulionyeshana alama za sindano za serumu, yaani dripu, mikononi. Tulikunywa maji mengi na kukimbilia chooni pamoja, na wengine walituita "motopompe", pampu za maji. Asubuhi tulikaa karibu na mbabula, jiko la makaa la Mama Kalenga, mpishi wa kambi, tukiota makaa huku anapika bukari, ugali wetu, na kutufukuza kwa mwiko.

Chilufya aliomba kwa maneno machache, kama mtu anayezungumza na jirani. Nilijifunza kwake. Kwa mara ya kwanza niliomba mbele ya watu bila kuogopa macho yangu. Sitaki kudanganya tena: nilimpata Mungu kweli kwenye kambi ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kanisa letu lina desturi. Jumatano ya kambi, alasiri, kikapu kinawekwa mbele. Anayeacha kitu anakitia humo, watu wote wakimwona: sigara, barua za mpenzi, hirizi aliyopewa na bibi. Kisha anashuhudia. Jumatano ile jua lilikuwa zuri, tuliimba mpaka sauti zikakauka, na mwili wangu ulikuwa mwepesi. Siku tatu sikuwa nimeumwa. Leo najua kwa nini: nilikuwa nakunywa maji, naota moto, nameza vidonge. Siku ile niliona ni uponyaji. Hakuna aliyenituma. Nilitoa pakiti ya vidonge mfukoni nikaitia kikapuni, nikasema yale uliyoyasikia kwenye video.

Nilimwona Yaya Fiston akisita. Kidogo tu. Halafu watu walipiga kelele za furaha, naye akauinua mkono wangu juu.

Niliporudi kukaa, Chilufya alikuwa amesimama na kifuko chake cha dawa.

"Kweli, Ngalula?"

"Kweli," nikasema. Wakati ule niliamini.

Akaenda mbele.

Alhamisi tulianza kufunga kukavu: bila chakula, bila maji, mpaka jioni, siku mbili. Wagonjwa hawakupaswa kufunga. Lakini sisi hatukuwa wagonjwa tena, tulikuwa tumeshuhudia. Ningekunywa maji, ningemfanya Mungu mwongo mbele ya kambi nzima. Unaona mtego ulivyofungwa? Nilikuwa nimeufunga mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ijumaa asubuhi ilikuwa ubatizo. Tulisimama kwenye foleni kando ya kijito, tumevaa nguo nyeupe nyepesi. Midomo ya Chilufya ilikuwa imepasuka. Alikuwa anapumua juu juu.

"Ngalula, weye hausikie kintu mu mwili?"

Paja langu lilikuwa linalia tangu tulipoamka. Mkojo wangu ulikuwa kama chai nyeusi. Mgongo ulikuwa kama unakandamizwa kwa jiwe. Yote hayo niliyajua.

"Hapana," nikasema. "Niko sawa kabisa."

"Basi ni miye tu," akasema. "Imani yangu njo iko kidogo."

Akaingia majini.

Mimi nilimfuata, na nilipotoka miguu ilikataa. Nilianguka kwenye matope, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Hatua chache mbele yangu Chilufya alikuwa amekaa chini, ameshika kifua. Walitubeba mpaka ukumbini, wakatuzunguka wakaomba. "Adui anataka kuiba ushuhuda!" mmoja alilia. Waliomba karibu saa nzima. Nguo zetu zilikuwa bado mbichi.

Aliyekatiza maombi yale ni Mama Kalenga. Alisukuma watu, mwiko mkononi.

"Balikunywa maji lini hawa?"

Yaya Fiston aliendelea kuomba, macho ameyafumba.

"Ninakuuliza, weye Fiston! Lini? Mutoto wa dada yangu alikuwa na SS, mi najua! Leteni blanketi. Leteni motokari. Mungu atasikia hata mu motokari!"

Hospitali walinitia serumu, oksijeni, kisha damu ya kaka yangu. Daktari alimwambia mama, "Mapafu yameanza kushambuliwa. Huyu tumemwahi. Mwenzake amechelewa." Alidhani nimelala. Chilufya alifariki Jumamosi, mchana, kitanda cha pili kutoka changu, nyuma ya pazia. Nilimsikia akikohoa, halafu sikumsikia.

Baba yake alifika kutoka Sakania kesho yake. Aliomba kumwona rafiki wa binti yake. Alikaa kwenye kiti, mfuko wa plastiki magotini.

"Alinipigia simu Jumatano, ku telefone ya mama mpishi," akasema. "Aliniambia: papa, kuko mwenzangu amepona. Ni weye?"

"Ni mimi, papa."

"Ulipona?"

Ningeweza kulia tu, wangenisamehe. Lakini nilimwambia. Nilimwambia hata la kijitoni: kwamba aliniuliza kama nasikia kitu, na nikamdanganya.   Kisha akasimama akaenda, na mfuko ulibaki kwenye kitanda changu. Ndani kulikuwa na kofia ya sufu aliyomletea binti yake kwa sababu ya baridi. Sijui kama alinipa au aliisahau. Kila mwezi wa saba naivaa.

Nilitoka hospitali baada ya wiki tano. Mfupa wa nyonga ulikosa damu muda mrefu, kwa hiyo nachechemea. Namshukuru Mungu kwa kaka yangu, kwa Mama Kalenga, kwa manesi walionigeuza kitandani. Bado naomba, kwa maneno machache. Mara nyingine naomba nikiwa na hasira, na sijaona Mungu akinikataza.

Nimemwomba Yaya Fiston mara tatu aifute video.

"Ngalula, bantu batavunjika moyo," anasema.

Chilufya hayumo ndani yake. Imekatwa kabla hajafika kwenye kikapu.

Basi wewe mwenye SS, kijana wa kambi, usiache kuomba, wala usiache rafiki. Imani yako haipimwi kwa chupa ya maji. Ukiumwa, sema siku hiyo hiyo, hata kama jana ulishuhudia. Na mwenzako akikuuliza unasikiaje mwilini, mjibu ukweli. Sasa weka simu chini, nenda kanywe glasi ya maji, umeze kidonge chako cha leo.