Tundu Kwenye Bampa ya Landrova

Mwenye ploti ya Mowlem, hapa Nairobi, alipotuambia kwamba anajenga ghorofa, na kwamba kila kilichoegeshwa mle kiwe kimetoka kabla ya mwisho wa mwezi, nilijua tatizo halitakuwa gari. Gari lina magurudumu. Tatizo lingekuwa baba.

Landrova yake ilikuwa imelala kwenye kona ya ploti ile tangu goti lake lilipokataa kukanyaga klachi. Mimi nilitaka iuzwe kabla haijaburutwa hadi kwa wauza vyuma chakavu. Baba hakukataa. Angekataa ningebishana naye, maana kubishana ndiyo kazi inayonilisha: husimama soko la Gikomba, katikati ya anayeuza na anayenunua, nikimhurumia kila mmoja kwa zamu. Yeye alitoa sharti.

"Uza," aliniambia. "Lakini funguo nitampa mimi kwa mkono wangu, na nitampa yule atakayeiwasha kwa hendeli nikimwona. Asiyeweza akanunue pikipiki."

Hendeli ni ule mkono wa chuma uliopindwa mara mbili. Unaupenyeza kwenye tundu la bampa ya mbele mpaka ushike injini, halafu unaizungusha kwa nguvu hadi ikubali kuamka. Landrova za zamani za Waingereza zilikuja nao, na baba aliuheshimu kuliko funguo, kwa sababu ndio uliompa gari.

Alikuwa dereva katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Landrova ya kiwanda ikaishiwa betri, ikasukumwa nyuma ya stoo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kununua betri, ikatangazwa kuwa imekufa. Nyasi ziliota mpaka mlangoni. Baba akaiomba kwa bei ya chuma, wakampa wakicheka. Jumamosi akaenda, akatoa hendeli chini ya kiti ilikokuwa imesahauliwa, akazungusha mara kadhaa, na gari likanguruma hadi mabosi wakatoka ofisini. "Nilitia sahihi kwanza, nikawasha baadaye," alikuwa akitusimulia mezani. Sijapata somo bora la biashara tangu siku hiyo.

Wakati huo tulikaa Shauri Moyo, kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja na pazia katikati. Landrova ilikuwa kubwa kuliko chumba chetu. Nimeshapima kichwani mara mbili na jibu ni lilelile. Ilikuwa ya kijani, au ilikuwa imewahi kuwa ya kijani. Ndani ilinukia petroli, turubai lenye unyevu na kabeji, hata wiki ambazo haikubeba kabeji. Mvua ikinyesha ilivuja mahali pamoja tu, juu ya kiti cha kushoto nyuma, na sisi watoto tulipigania viti vingine vyote. Dada yangu mkubwa alishindwa kila mara kwa sababu alikuwa na adabu.

Mtaa mzima uliitumia. Kina mama walipelekwa nayo kujifungua, na angalau mmoja hakufika, tukapata jirani mpya mbele ya kituo cha mafuta. Siku ya Idi jirani zetu Waislamu walikuja kuiazima kubeba mbuzi, na jioni sufuria ya pilau ikaletwa mlangoni kwetu bila mtu kuuliza nauli. Krismasi ilitupeleka kwa nyanya, tukiwa tumebanana na magodoro na kuku waliofungwa miguu. Mlimani ilikwenda polepole hivi kwamba kaka yangu alishuka, akajisaidia kichakani, akatukuta tena bila kukimbia. Baba hakuona aibu. Alisema gari linaloharakisha ni gari lenye wasiwasi.

Kwa hiyo nilipoipeleka kutengenezwa, niliipeleka Shauri Moyo kulekule, kwa fundi wa bodi ambaye ana karakana karibu na tulipokuwa tukiishi. Injini ilishughulikiwa na mtu mwingine, na ikapata betri mpya na stata mpya. Fundi wa bodi akanyoosha, akachomelea, akapiga fila ya kuziba mabonde, akasugua, akapaka kijani chenyewe, si kile cha kukumbuka. Turubai likashonwa upya. Nilipokwenda kuikagua nilihesabu nati za magurudumu, nikazihesabu tena, zikatimia. Nikazunguka gari lote nikitafuta kasoro ya kunisaidia kupunguza malipo ya fundi. Sikuiona. Hilo linauma mtu wa kazi yangu.

Wanunuzi walianza kuja kuiona palepale karakana. Wa kwanza alikuwa na mkahawa wa nyama choma na alitaka kuiweka langoni, boneti wazi, maua yakiota mahali pa injini. Nilimwambia bei ambayo ingemfukuza hata simba, na sikumtajia baba maua. Wa pili alitaka kupigia maharusi picha. Alipouliza hendeli ni nini, nikamwonyesha kwa mikono, akatazama viatu vyake vyeupe, akasema atanipigia.

Wa tatu alikuwa mama mmoja muuza vitambaa wa jumla kutoka Eastleigh, amevaa buibui jeusi na raba za kukimbilia. Alikuja na dereva wake, lakini ni yeye aliyelala chini kuangalia chesisi.

"Hii nataka ya kazi," alisema akijipangusa vumbi. "Nina duka lingine upande wa Isiolo, na barabara ya kutoka pale kwenda kwa wateja si barabara, ni mawe yamepangwa vibaya. Gari za siku hizi zikizima huko zinataka kompyuta. Huko kompyuta nitaitoa wapi, kwa ngamia?"

Nikamtajia bei. Akacheka kama mtu aliyesalimiwa vizuri.

"Ndugu yangu, nimekuuliza bei ya gari, si ya mtaa."

Tukaanza. Aliondoka mara mbili na kurudi mara mbili, na sisi huku tunajua kwamba mtu hajaanza kununua mpaka aondoke. Tulipofika mahali ambapo kila mmoja alilalamika sawasawa, nikamweleza sharti la baba. Nilitarajia akasirike. Aliuliza tu, "Mzee yuko huru Alhamisi?"

Alhamisi nilimleta baba hadi karakana. Alivaa koti lake la kanisani, na chini ya kwapa alibeba hendeli iliyofungwa kwenye gunia, kwa sababu hakuwahi kuiacha ndani ya gari. Mwizi wa hendeli, alisema, ndiye mwizi wa gari. Alisalimiana na yule mama, "Salaam aleikum, binti yangu," akaitikiwa, wakaulizana habari za nyumbani bila haraka. Halafu akaizunguka Landrova. Aligusa mlango. Aligusa turubai. Nikajifanya natazama simu.

Akafungua gunia, akapiga goti lake zima, akainama mbele ya bampa. Akakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona tundu.

"Liko wapi?" akauliza.

Nikainama. Bampa ilikuwa laini kama sahani, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Fundi akaja anatabasamu, anafuta mikono kwa kitambaa. "Ah, hapo mzee! Hapo palikuwa na shimo kubwa, sijui liligonga nini. Nilichomelea kipande, nikasugua, huwezi hata kujua. Na hiyo sikuchaji, mkubwa. Niliwafanyia tu, kwa roho safi."

Nani angemlaumu? Hajawahi kuona gari linalowashwa kwa mkono. Kwake yeye tundu ni ugonjwa, na kazi nzuri ni ile isiyoacha dalili. Na mimi, niliyehesabu nati mara mbili, sikuwa nimehesabu kitu ambacho hakikuwepo.

Baba aliifunga hendeli tena kwenye gunia. "Hii si ile," alisema taratibu. "Nirudishe nyumbani."

"Baba, ina stata mpya. Unageuza funguo tu."

"Na betri ikifa? Watasema gari limekufa. Wataliweka nyuma ya stoo. Nimeshaliona hilo, wewe hujaliona." Akageukia njia. "Acha lirudi kwenye ploti, mwenyewe alifukuze. Mimi siuzi jeneza lililopakwa rangi."

Nilifungua mdomo kubembeleza. Aliyenitangulia ni yule mama.

"Fundi," alisema, "toboa."

"Mama, rangi imekauka juzi! Nikishika hapo na moto itababuka mpaka kule."

"Rangi ni yangu au yako?"

"Bado ni ya huyu," fundi akasema, akininyooshea kidole.

Nikatazama ile rangi. Nilikuwa nimeilipia kwa maumivu. "Toboa," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Mama akaagiza chai kwa watu wote, akaketi kwenye tairi kuukuu, akamvutia baba kiti. Wakati cheche zinaruka, baba alianza kumweleza habari za barabara za mawe, gia ipi na lini, na jinsi ya kusikiliza injini ikichoka. Yeye aliuliza maswali mafupi. Chai ya baba ilipoa mkononi, jambo ambalo silikumbuki kutokea.

Tundu lilipofunguka, pembeni rangi ilikuwa imebabuka kiganja kizima. Baba akatoa funguo mfukoni, akafungua swichi, kisha akapenyeza hendeli, ikaingia ikashika. Dereva wa yule mama akasogea akikunja mikono ya shati.

"Wewe ndiye mwenye gari?" baba akamuuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi rudi nyuma."

Mama akasimama, akanipa mkoba wake. "Shika. Na usihesabu." Akakunja buibui kiunoni juu ya suruali yake ya jinzi, akashika chuma.

"Gumba," baba akasema. "Likae upande mmoja na vidole vingine. Ukiikumbatia hendeli, injini ikirudi nyuma inalivunja. Vuta kuja juu, usisukume kwenda chini. Na usiiogope, inajua."

Alivuta. Kimya. Akavuta tena, injini ikakohoa na kuirudisha hendeli kwa teke, naye akaiachia kwa wakati, gumba lake likiwa salama, akatoa neno la Kisomali ambalo sikuhitaji tafsiri. Mafundi wa karakana za jirani walikuwa wameshakusanyika. "Mama, ongeza ugali!" mmoja akapaza sauti. "Njoo uongeze wewe," akamjibu bila kugeuka. Akajipanga, akavuta kwa mwili wote.

Ikawaka. Ile sauti ya chini, ya kukwaruza kidogo, ilijaa pale chini ya mabati, na mama mmoja mzee anayeuza sukuma wiki ng'ambo ya njia akainua kichwa kama aliyeitwa.

Baba akazima, akachomoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha yule mama, akakifunga kwa mikono yake miwili. Kisha akasema, mbele yangu, "Na umpunguzie pesa ya rangi iliyobabuka. Tumemharibia gari lake."

"Baba, tulishakubaliana bei."

"Mlikubaliana kabla halijababuka."

Mama alinitazama kwa huruma ya kitaalamu. Nikapunguza.

Alipopanda, baba akazunguka upande wa pili, akapanda pia, goti bovu likiinuliwa kwa mkono. Alisema anamwonyesha tu gia ya pili, ina tabia zake. Dereva wa mama na mimi tukabaki tumesimama, mimi bado nimebeba mkoba, tukiitazama Landrova ikikata kona polepole kuelekea barabara kubwa.

Ilirudi baadaye, mama akachukua mkoba wake, akanihesabia pesa, akaenda zake, hendeli ikiwa chini ya kiti. Baba alikataa teksi. Tukatembea, yeye akishika bega langu, hadi tulipokuta benchi akaomba tupumzike.

"Anaendesha vizuri," akasema. "Ila klachi anaiachia haraka mno."

"Atajifunza."

"Nimemwambia anipigie akifika," akasema, akatoa simu yake ndogo, akahakikisha imewashwa, akaiweka juu ya paja.