Nilimuambia yaya atoke ndani ya photo

Admin, ficha jina yangu tafazali. Mama hana Facebook, lakini batante, dada zake, wako humu na wanasomaka kila kitu.

Niko binti wa miaka kumi na saba. Ninasoma hapa Butembo, na ninaishi Kimemi na mama. Zamani tulikuwa Beni. Tulitoka kule mbio, tunakimbia vita, na nguo za mwilini tu, album ya familia ikabakia ku kabati. Ninasema hiyo mapema juu najua mutaniuliza.

Mimi niko mutu wa haya sana. Mwalimu akiniita ku klasi, sauti inapotea. Ndiyo maana nilipenda kupiga photo, lakini hapana za watu, juu mutu ukimupiga anakuangalia. Nilikuwa napiga fasi zenye hakuna mutu: viti vya kanisa kisha misa, meza za soko wakati mvua imefukuza wauzaji, barabara kubwa siku ya ville morte, wakati mji wote umefunga. Mwalimu wa Kifaransa aliona moja, akasema mbele ya wote: « Le vide, ule utupu, huyu njo anajua kuichora. » Siku ile nilijisikia mutu. Toka pale, mutu akiingia ndani ya photo yangu, ninangoja apite.

Simu ilitoka kwa yaya, kaka yangu mukubwa. Alikuwa motard, anabeba watu na pikipiki. Simu nzuri alinipa mimi, yeye akabakia na ile ya kioo kilichopasuka. Na alikuwa mutu wa fujo! Nikitaka kupiga kiwanja chetu, anakuja kusimama katikati, mikono ku kiuno.

« Yaya, toka! Unanichafulia photo. »

« Ah bon? Sasa mimi niko uchafu? Mama, sikia mutoto wako! »

« Toka basi! »

« Unapiga kiti, unaacha ndugu yako. Kiti njo itakupeleka ku masomo na pikipiki? »

Mama anacheka. Mimi ninangoja mpaka atoke.

Mwaka jana waliiba pikipiki yake, akaamua kwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu. Asubuhi ya safari alivaa jaketi mupya, akasimama ku mulango wa parcelle, pa kutokea barabarani. « Petite, leo sichezi. Nipige moja, ya mama. » Mvua ilikuwa imetoka kukatika, maji yanang'aa chini, mulango wazi. Niliona ile photo tayari ku kichwa changu, na yeye hakuwa ndani. Nikamuambia: « Pita kwanza, jua isipotee. Wewe nitakupiga ukirudi. »

Akanigonga kidogo ku kichwa. « Sawa, madame photographe. » Akaenda. Nikapiga mulango. Nikaiweka ku statut ya WhatsApp, watu wakatia mioyo mingi kupita siku zote.

Kisha miezi miwili, shimo ilibomoka, yaya na wenzake wakiwa ndani. Hawakuweza kuwatoa.

Kwetu, mwili ukikosa, photo njo inabeba kilio. Wanaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kila mutu anakuja kuigusa na kumuaga marehemu. Walitafuta kila fasi. Kadi ya uchaguzi alikuwa amekwenda nayo. Ku WhatsApp aliwekaka muchezaji wa mpira. Ba motard wenzake walileta photo moja, amevaa kaske ya pikipiki, uso hauonekani. Basi baba mudogo akasimama mbele ya watu: « Wewe mutoto, simu iko ku mukono yako asubuhi mpaka mangaribi. Lete photo tukaitoe kubwa. »

Niliingia ku chumba, nikafungua simu. Viti. Meza. Barabara. Mulango. Nikapanda juu, nikashuka chini. Yaya hata moja, hata mukono wake. Inje nasikia watu wananingoja, na mama analia « Ee Nyamuhanga, Mungu wangu ». Nikaingiza simu ndani ya ndoo ya maji, nikaishikilia mpaka ikazimika. Nikatoka nikasema: « Imeanguka ku maji. Photo zake zilikuwa mingi, zote zimekufa. »

Wakatandika kile kitambaa juu ya kiti tupu. Watu wakapita mbele yake moja moja, wanaigusa. Mimi, mwenye kupenda viti tupu, sikuweza kuangalia.

Nilifikiri itaishia pale. Mais mama aliokota ile simu, akaikausha ndani ya muchele. Kila jumamosi anaipeleka kwa watengenezaji wa simu kule Mususa. Wa kwanza alisema imekufa. Wa tatu akamuambia mémoire, kule photo zinakaa, iko nzima, ila mashine ya kuifungua iko Kampala. Mama alirudi anaimba, na toka kilio sikuwa nimemusikia akiimba. Akapigilia musumari ku ukuta, akatundika kadre ya kuwekea photo, ya kioo, yenye haina kitu ndani. Kila asubuhi anaipanguza.

Papa Abdoul, jirani yetu mwenye gari ya mizigo, anapanda Kampala. Jana alikuja kuchukua simu. Mama aliifunga ndani ya kitambaa chake cha kanisa.

« Papa Abdoul, ibebe kama yai. »

« Mama, itakaa hapa ku mufuko ya kanzu, ku moyo. Inshallah mutoto wetu tutamuona. »

Nilikimbilia ku jikoni.

Nikisema ukweli, ninamuua yaya mara ya pili mbele ya mama. Nikinyamaza, wataifungua, watakuta viti, na mama atafikiri hawakutafuta muzuri. Namujua. Atatafuta mashine ingine, na ingine, mpaka azeeke.

Leo kisha misa ameniita karibu yake. « Wewe njo unajua mambo ya photo. Wakifungua, unichagulie ile ya kucheka. Ile ya meno inje. »

Nikajibu: « Ndiyo, mama. »

Gari inaondoka kesho asubuhi. Bayaya, bamama, wewe mwenye unasoma hii, nipeni akili: nimuambie usiku wa leo, ao niache gari iende?