Mzee Aliyeonja Ziwa

Habari za kifo chake nililetewa hapa Somanda, Bariadi, na mama muuza sato, ambaye kila Jumamosi hutoka Lamadi na tenga lake. "Yule mzee wako wa boti tumemzika juzi," alisema huku akinichagulia samaki. Nilimuuliza kama alizama. Alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu. "Azame yule? Amekufa kitandani kwake, mkavu kabisa." Wiki nzima nimelifikiria neno hilo, maana ndivyo nilivyo, na maana katika kumbukumbu zangu mzee yule hajawahi kuwa mkavu.

Alikuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka walipopunguzwa kazi. Alikuwa na boti ndogo ya kuvulia kitoweo cha nyumbani siku za Jumapili. Wenzake walinunua ng'ombe kwa kiinua mgongo. Yeye alinunua injini na turubai la kivuli, akaanza kuwabeba wageni wa mbugani waliopenda kuzamia, ambao walikuja na mitungi yao ya hewa. Shemeji yake alimcheka mbele za watu: "Ng'ombe huzaa. Boti yako itazaa nini, vyura?" Akajibiwa, "Na ng'ombe wako watakunywa wapi, shemeji, kama si huku kwangu?" Mimi nilimaliza chuo wakati serikali imeacha kuwapangia wahitimu kazi, naye akanichukua niwe mkalimani. Wiki ya kwanza nilimwandikia kurasa nzima za hatari: mamba, viboko, kichocho, upepo. Alizisoma zote kwa utulivu, kisha akauliza, "Nyanda, kijana wangu, wewe umeshaingia humo?" Sikuwa nimeingia.

Yeye aliingia kila safari. Kwetu mwenyeji huonja pombe kabla ya kumkabidhi mgeni kata, na yeye alilifanyia ziwa vivyo hivyo. Tukishatia nanga penye mawe alivua shati, akapiga mbizi bila mtungi wowote, akakaa huko chini kitambo, halafu akaibuka na kusema, "Tamu." Hapo ndipo wageni waliposhuka. Siku moja wakala kutoka Mwanza alileta kundi kubwa, akaahidi kwamba likiridhika ataleta jingine kila mwezi. Mzee alizama, akaibuka na kipande cha wavu kimemzonga kiganja. "Kuna wavu umetupwa huko chini, na tope limepanda, sikuona hata mkono wangu. Leo hapana." Wakala alikasirika. "Mzee, hawa wana vifaa na uzoefu kukuzidi. Ukiwarudisha, mimi usinitegemee tena." Kisha akanigeukia: "Wewe msomi, mweleweshe mzee wako." Nilimfikiria mama yangu, aliyekwisha kuwaambia majirani kwamba nina kazi. "Baba," nikasema, "labda tujaribu hivyo hivyo, kwa muda mfupi." Hakunikaripia. "Nimeonja, lina mchanga. Nimpe mgeni?" Akavuta nanga. Wakala hakurudi, na kabla ya pamba kuvunwa nilikuwa nimerudi Bariadi, nikimwacha mzee na wageni wake wa mmoja mmoja.

Kwa muda mrefu niliihesabu siku ile kuwa kosa lake. Kisha nikahudhuria semina moja hapa mjini, ambapo mtaalamu aliwaambia waliopunguzwa kazi na sisi wahitimu kwamba soko limefunguliwa, tujiajiri, tusiogope maji. Alisema vizuri, akachukua posho yake, akaondoka kwa gari la ofisi. Lile swali la mzee, kama yeye ameshaingia humo, lilinifika mdomoni, nikaogopa, nikalimeza. Sisemi soko ni baya. Mzee mwenyewe alilipenda kuliko king'ora cha kiwanda. Nasema wanaotuita tuingie ni wengi, na wengi wao wametuita wakiwa ukingoni.

Jumanne nilikwenda Lamadi kuhani. Shemeji yake alikuwa amekaa juu ya ile boti, imefunikwa kifudifudi uani. "Haikuzaa kitu," alisema, akiipigapiga kwa kiganja. "Lakini hakuna mgeni tuliyemzika." Kabla ya kupanda gari nilishuka ziwani, nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini. Kichocho nilikifikiria, bila shaka. Lakini ninyi mnaonisoma huwa nawapa ushauri kila wiki katika safu hii, na nimeona si haki kuendelea kuwapa nikiwa mkavu.